Siku Tuliyokaa Kusubiri Televisheni Izime

Basi lilikuwa limeshawashwa na kondakta ameshapiga bodi mara ya kwanza nilipoona kiganja kwenye kioo cha dirisha langu. Kiganja kitupu, chekundu kwa maji ya moto. Uso sikuuona kwanza. Nilikiona kiganja nikajua ni cha dada, maana ndicho kilichonilea na ndicho kilichonichapa.

Nikasukuma kioo.

“Shuka,” akasema.

“Kuna nini? Shemeji kazidiwa?”

“Shemeji yako mzima. TV imekufa.”

Abiria wa nyuma yangu akaangua kicheko. Mama mmoja aliyempakata mtoto akasema, “Jamani, poleni na msiba,” basi zima likadakia. Dada hakucheka. Alikuwa bado na aproni ya kazini, imelowa tumboni, na pumzi zinampanda na kushuka.

“Dada, tiketi nimeshakata.”

“Ilipofunguliwa ulikuwepo, inapokufa uwepo vilevile. Shuka, mdogo wangu.”

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi nimekuwa mgeni karibu maisha yangu yote, na kamba hizo nimezikata nyingi, nyingine kabla hazijafungwa vizuri. Lakini dada hakuniomba. Angeniomba ningepata la kujitetea, na hilo alilijua. Nikateremsha begi. Basi likaondoka na joto la kiti changu.

Shule niliisoma vipandevipande, darasa huku, nusu darasa kule, kwa hiyo hadithi yangu haitakwenda kwa mstari ulionyooka. Itabidi nirudi nyuma kidogo.

Dada alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Ni kazi ya kusimama kutwa ndani ya mvuke. Akirudi nyumbani alinukia sabuni na nguo iliyokaribia kuungua. Mumewe aliendesha lori tangu ujana mpaka ugonjwa wa sukari ulipomla miguu. Mmoja ulikatwa chini ya goti, wa pili ukabaki wa kusindikiza. Mtaani waliendelea kumwita Dereva. Mimi nilimwita shemeji, naye akaniita shemeji, na jina hilo moja tulirushiana kama watoto wenye mpira mmoja. Kutwa alikaa kwenye kiti chenye mito miwili karibu na dirisha, na dirisha lenyewe lilitazamana na ukuta wa jirani.

Ndoa yao ilikuwa na desturi yake. Jioni dada akiingia, hasemi. Anavua viatu, anatia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, anafumba macho. Mwenye kusema ni shemeji. Enzi za lori alimletea habari za safari: daraja lililosombwa, mizani iliyodanganya, tandiboi aliyelala juu ya magunia akaamkia mji mwingine. Alipoacha kuendesha alizirudia zilezile, mpaka dada akazijua na mashimo yake barabarani. Kisha zikaisha. Wakawa wanakaa jioni kama watu wawili kwenye benchi la hospitali, kila mmoja anangoja kuitwa kivyake.

Ndipo dada akanunua televisheni. Hakuinunua ili aitazame yeye. Macho yaliyokodolea mashuka meupe tangu asubuhi hayataki kitu kingine cha kung’aa. Alitaka mumewe aone jambo mchana ili apate la kusema jioni. Alichukua ya bei ya chini dukani, kwa kuwa ndiyo aliyoiweza.

Na ikafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Ile miezi michache niliyokaa kwao niliyasikia maongezi yao kila jioni, nikiwa nimekaa kizingitini. Kulikuwa na tamthilia ya mchana: familia ya kitajiri, kiwanda cha maziwa, ndugu wawili wanaochimbana, mama yao mkali kama siki. Na mtunza bustani. Mtunza bustani huyo ndiye aliyekuwa uti wa mgongo wa habari yote.

“Enhe,” dada angeanza, macho kafumba. “Mtunza bustani je?”

Shemeji angekohoa, aweke mto sawa. “Leo? Leo kamvuta bosi pembeni. Kamwambia, mzee, mimi maua yako nimeyamwagilia miaka yote hii, lakini hili unalolimwagilia uongo halitachanua.”

“We! Kamwambia hivyo?”

“Uso kwa uso. Na mpira wa maji mkononi.”

“Bosi kasemaje?”

“Bosi atasema nini? Kaangalia viatu vyake.”

Dada angecheka na maji kumwagika sakafuni. Mimi tamthilia yenyewe sikuwahi kuiona hata mara moja. Mchana nilikuwa nazunguka. Mtembezi hula miguu yake, na yangu ilikuwa haijaisha.

Basi asubuhi ile niliyoaga, shemeji aliwasha televisheni kama kawaida. Ikatoa mlio mdogo, tik, ikawa kioo cheusi. Akamtuma jirani akamwite mkewe kazini, na mkewe akanifuata mimi stendi.

Jioni tukakaa watatu. Dada akatia miguu kwenye beseni. Akafumba macho. Akangoja.

“Leo sina,” shemeji akasema.

Nilisikia maji ya beseni yakipoa, kama yana sauti.

*

Kesho yake nilibeba televisheni begani, imefungwa kwenye shuka kuukuu, na dada nyuma yangu kashika waya usiburuzike, utadhani anaongoza mbuzi. Dukani ukuta mzima ulikuwa televisheni zilizowashwa, na zote zinaonyesha samaki wale wale wa rangi, wanageuka pamoja. Juu ya kaunta palikuwa na kibao: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDI.

Msimamizi wa duka alikuwa kijana nadhifu, manukato yake yalitangulia kufika. Dada alimtazama kola kabla ya uso. Baadaye aliniambia, “Pasi yake ina moto mwingi. Kola imeanza kuwa njano.”

“Shikamoo, mama. Mzee, shikamoo. Risiti mnayo?”

Dada akampa. Akaisoma, akairudisha kwa ncha za vidole.

“Dhamana ilikuwa ya mwaka, mama. Imekwisha mwezi uliopita.”

“Ichomeke tu uione.”

“Nikiichomeka nitahesabiwa nimeipokea.”

“Imekufa, mwanangu. Haiambukizi.”

Wafanyakazi wake wawili wakageukia rafu ili wacheke vizuri. Kijana akatabasamu tabasamu la kazini. “Mama, tuambiane ukweli. Ulichukua ile ya bei ya chini kabisa. Wahenga walisema, rahisi ghali.”

“Kumbe ulijua?”

“Nini?”

“Kwamba itakufa. Mbona siku unaniuzia hukunipa hiyo methali? Ulinipa kalenda.”

Hapo hata mteja mmoja aliyekuwa anachagua birika akacheka. Kijana hakuwa mtu mbaya, nilimwona masikio yanamwiva. Alinyoosha tu kidole juu, kwenye kibao, kama mtu anayemwachia mkubwa wake aongee.

Nje nilimwambia dada tumpelekee fundi wa mtaani, yaishe. Nilitaka yaishe. Basi jingine lilikuwa linaondoka kesho yake.

“Fundi nitampelekea,” akasema. “Halafu? Kesho huyu anamwuzia mwenzangu kama hii, anampa na kalenda. Mimi sikuiba kitu mle ndani. Kwa nini nitoke nimeinama?”

Mteja wa birika alikuwa ametoka nyuma yetu, akasikia. Akatuambia kuna ofisi ya malalamiko ya wanunuzi nyuma ya posta, ghorofa ya kwanza, na kwamba wao hawaangalii umevaa nini. Dada akamshukuru, akageuka upande wa posta, mimi na mzigo wangu begani nikamfuata. Tulipewa siku ya kurudi. Haikuwa karibu.

Zile siku za kungoja ndizo zilizonifunza nini kilikuwa mashakani. Dada angeweza kuishi bila televisheni, alishaishi. Ila jioni moja, beseni likiwa limewekwa, shemeji akajaribu.

“Leo kulikuwa na mjusi,” akasema. “Kwenye ukuta wa jirani.”

“Enhe?” dada akadakia upesi, kwa moyo wote.

“Kapanda mpaka juu kabisa.”

“Halafu?”

Shemeji akafikiri. Alikuwa mwaminifu kwa mjusi wake.

“Halafu akashuka.”

Dada akasema, “Ala,” akaendelea kufumba macho, lakini kope zilimtikisika. Shemeji akageuza uso dirishani. Nimelala stesheni, nimelala chini ya matrela, nimelala kwenye magodauni yenye panya wa ukubwa wa paka. Sijapata kukaa mahali pagumu kama ile sebule yenye sakafu safi.

*

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, viti vya plastiki, feni ya dari iliyozunguka kama inadaiwa, na soketi moja tu ukutani, iliyokuwa na birika la chai. Msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening’inia kifuani, na namna ya kunyamaza iliyomfanya mtu aongee zaidi ya alivyopanga. Pembeni alikaa karani wake, binti mwenye kalamu nyuma ya sikio.

Kijana wa duka alifika na manukato yake. Akaeleza vizuri, simwonei: dhamana ni mwaka, mwaka umepita, kibao kipo ukutani na kila mteja anakiona.

“Ukutani mtu anaweza kuandika hata kwamba mvua isinyeshe,” msuluhishi akasema. “Tuongee dhamana. Dhamana ni neno la kiwanda. Kiwanda kinasema, mpaka siku fulani nitakutengenezea bila maswali. Siku hiyo ikipita, maswali yanaanza. Lakini haki ya mnunuzi haifi siku hiyo. Aliyeuza anapaswa awe ameuza kitu kinachodumu kadiri mtu wa kawaida angetegemea, kwa bei ile, kwa matumizi yale.”

“Hapo hapo, mheshimiwa,” kijana akasema. “Matumizi. Hizi TV ndogo watu wanaziwasha alfajiri wanazizima wakienda kulala. Mwaka mzima na ushee. Hata punda angechoka.”

Msuluhishi akamgeukia dada. “Mmeitumia muda gani, mama?”

Dada akanitupia jicho, akaliondoa.

“Miezi michache,” akasema mwishowe.

“Risiti inasema zaidi ya mwaka.”

“Ilikuwa kwenye boksi.”

“Boksi? Kwa nini?”

Dada akaikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. “Marehemu mama yetu alikuwa na sheria yake. Kitu kipya cha nyumba hakifunguliwi mpaka watu watimie. Hata sufuria. Alisema kitu kikifunguliwa mtu hayupo, kinakuwa cha wale waliokuwepo tu. Sisi tumebaki wawili, mimi na huyu. Basi tukawa tunamsubiri.”

Wote wakanitazama: msuluhishi, karani, kijana. Mimi nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza kama wao. Siku niliyofika nililikuta boksi sebuleni na alama za mviringo za glasi juu yake, nikadhani imenunuliwa juzi na mtu kaweka chai. Kumbe shemeji aliifanya meza karibu mwaka mzima. Alikaa mbele ya televisheni iliyofungwa, akitazama ukuta, akiweka glasi yake juu, kwa sababu ya sheria ya mkwewe na shemeji asiyefika.

“Mzee,” kijana akaniuliza, na kwa kweli alitaka kujua, “ulikuwa wapi?”

“Njiani,” nikasema.

Karani akaziba mdomo. Dada akacheka kabisa. “Ndivyo alivyokuwa anasema kwenye simu. Dada, nipo njiani. Mimi nafuta vumbi juu ya boksi, anakuja wiki hii.”

Sikuwa nimemdanganya. Kwangu mimi njiani ni mahali, kama watu wengine wanavyosema nipo nyumbani. Lakini sikulisema hilo pale. Halikuwa la kusemwa mbele ya soketi na birika.

“Ichomekeni tuione,” msuluhishi akasema.

Karani akachomoa birika. Dada akatoa antena ndogo kwenye mfuko, ilikuwa imeviringishwa kwenye taulo. Alisema mgonjwa haendi hospitali bila nguo zake. Nikachomeka. Kijana wa duka akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja.

Televisheni ikawaka.

Ikawaka vizuri, rangi zote, sauti safi, mtu anatangaza sabuni. Kijana akaanza kucheka taratibu, akajizuia, akashindwa. “Mama! Marehemu kafufuka. Mheshimiwa, sasa hapa tunasuluhisha nini?”

Nilimtazama dada. Sijapata kumwona amedhalilika namna ile, naye alikuwa hajafanya lolote. Nyumbani tuliijaribu asubuhi na jioni, ikawa jiwe. Sasa ilikuwa inawaka mbele za watu na kumfanya mwongo. Nikashika waya ili nichomoe, twende zetu.

“Iache,” dada akasema.

“Dada...”

“Iache. Imekuja kwa wageni, imevaa vizuri. Ikae, wataijua.”

“Mama, mimi nina kazi dukani,” kijana akasema.

“Hata mimi ninazo,” msuluhishi akamjibu, akavuta faili lake. “Tutakaa.”

Basi tukakaa. Kwa kuwa kesi yenyewe ilikuwa televisheni, hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuitazama. Msuluhishi alisaini makaratasi yake na kuinua jicho mara mojamoja. Kijana alitikisa mguu. Matangazo yakaisha, zikaja habari za mazao, kisha wimbo wa watoto. Mlinzi wa mlangoni akaja kuuliza jambo, akalisahau, akaegemea ukuta. Watu wawili wa foleni ya nje wakaingia na viti vyao. Mmoja akauliza, “Hii ndiyo kesi?” Karani akasema, “Ndiyo, inaendelea.”

Ukaja muziki nilioufahamu, maana nilikuwa nausikia nikipita dirishani kwa shemeji. Ilikuwa tamthilia.

Dada akanyoosha mgongo. Miezi yote ile hakuwa ameiona. Kikaonekana kiwanda cha maziwa, akatikisa kichwa kama mtu anayefika mji aliosimuliwa. Ndugu wawili akawatambua mara moja, mama yao alipoingia tu akanong’ona, “Ndiye huyo, siki.” Na kwa kweli mama yule alikuwa siki. Watu mle chumbani walianza kuguna pamoja.

Kisha nyuma ya ndugu waliokuwa wanabishana, kwenye ua wa nyumba kubwa, akapita mzee mmoja na toroli lenye majani. Alikuwa anachechemea kidogo. Akapita kutoka upande huu mpaka upande ule, akatoka.

“Mtunza bustani!” dada akasema kwa sauti. “Sasa atawaambia!”

Mzee hakurudi. Wale ndugu wakaendelea wenyewe.

Dada akamwinamia karani. “Leo mbona haongei?”

“Nani, mama?”

“Mtunza bustani.”

Karani akafikiri. “Yule wa toroli? Mimi naifuata hii tamthilia tangu mwanzo, mama, hata marudio ya Jumamosi. Yule hajawahi kuongea. Yule huwa anapita tu.”

“Hajawahi? Hata kwa bosi? Na mpira wa maji?”

“Hana neno hata moja.”

Dada akakaa. Nilimwona akilipokea lile jambo polepole, kama shuka linavyopokea maji, kuanzia pembeni. Mumewe, kiti chake, mito miwili, ukuta. Mzee mmoja anayechechemea akipita nyuma ya mambo ya wakubwa, na kutoka kwake huyo zimekuja jioni zote zile, bosi anayetazama viatu, ua lisilochanua. Nikaelewa pia kwa nini alishindwa siku za mjusi. Kubuni aliweza, tena mno. Ila kioo kikiwa cheusi angemwambia mkewe kaliona wapi?

Dada akafunika uso kwa mtandio. Mabega yakamtikisika. Msuluhishi akavua miwani, akadhani analia. Nilikaribia kudhani hivyo hivyo, mpaka ukatoka mkoromo ule anaoutoa akicheka hadi kukosa hewa. “Huyu mwanaume!” akasema ndani ya mtandio. “Huyu mwanaume, jamani!”

“Mama, shii,” kijana wa duka akamwambia. Alikuwa amesogeza kiti mbele, viwiko magotini. Mguu uliacha kutikisika zamani. Mdogo kati ya wale ndugu alikuwa ameshika bahasha, mkubwa amesimama mlangoni, mama yao anafungua kinywa aseme mtoto ni wa nani, na—

Tik.

Kioo cheusi. Taa ndogo nyekundu ikawa inapepesa.

“Aaa!” kijana akaruka. “Aaa, jamani, ndiyo nini sasa!”

Watu wa foleni wakamtazama. Mlinzi akamtazama. Naye akajisikia alichosema, masikio yakaiva tena.

“Pengine umeme,” akasema, sauti ndogo.

Karani akaelekeza kalamu juu. Feni ilikuwa inazunguka.

Dada alikuwa ameshafuta macho. Hakumkebehi, ingawa nafasi aliipata. Alisema tu, “Ndivyo ilivyo. Mume wangu amekaa hapo ulipokaa wewe, mwanangu. Ila yeye hana pa kwenda kuuliza iliendeleaje.”

Msuluhishi aliandika kwa muda. Akasema duka litatengeneza televisheni kwa gharama yake, na kama haitengenezeki litampa mama nyingine ya aina hiyo au bora zaidi. Na kile kibao kitashuka. Kijana hakubisha. Nadhani mpaka wakati ule alikuwa anawaza ile bahasha.

“Mheshimiwa, kutengeneza kuna usumbufu,” akasema. “Mama, twende nikupe mpya leo hii. Kwenye boksi lake.”

Mimi nilishaanza kuinuka. Mpya, leo, yaishe.

“Hapana,” dada akasema. “Nitengenezewe hii hii.”

“Mpya ni bora, mama.”

“Mpya itabidi nimsubiri huyu tena.”

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, kwa kuwa mtu akitaniwa na dada yake mbele za watu hucheka. Lakini alikuwa hatanii. Alikuwa amepiga hesabu yake kimyakimya, akaniona nilivyo, akachagua kitu ambacho hakihitaji mimi niwepo.

Tukarudi mikono mitupu, televisheni imebaki na kijana kwa stakabadhi. Njiani, karibu na nyumba, dada akasimama.

“Usimwambie.”

“Nimwambie nini?”

“Kwamba nimemwona mtunza bustani.”

Jioni alitia miguu kwenye beseni akamsimulia mumewe yeye, kwa mara ya kwanza: feni, soketi, kijana alivyoruka. Shemeji alicheka mpaka mto ukadondoka. Akauliza ilizimikia wapi. Dada akasema hakuangalia, alikuwa anamwangalia msuluhishi.

*

Televisheni ilirudi ikiwa imebadilishwa ubao wa ndani. Ilifanya kazi miaka kadhaa, ikaja kufa tena, safari hiyo kwa radi, na hakuna aliyelalamika.

Mimi niliondoka wiki iliyofuata. Nililinda ghala la mbolea, nikaacha. Nikauza miwani ya kusomea sokoni, nikaacha.

Kile kibao kilishuka. Duka lenyewe baadaye likawa la magodoro. Kijana wa manukato alifungua lake dogo la simu, na nasikia huchomeka kila kitu mbele ya mteja, akiuza na kikirudi. Msuluhishi alihamishwa. Karani ndiye msuluhishi sasa, ofisi ile ile, wamewaongezea soketi.

Shemeji alifariki msimu wa mvua. Mimi nilifika msibani siku ya pili. Kwa mujibu wa habari yake ya mwisho, mtunza bustani alikuwa ameacha kazi kwa bosi na kununua lori.

Dada ameacha kufua. Macho yana ukungu, anangoja kupasuliwa moja. Nakaa naye, chumba cha uani, tangu mwaka juzi.